Siku Niliyomkaribisha Mwenyekiti Mjini Kwao

Kuna aibu ya mtu kuanguka kwa matope mkiwa wawili, na kuna hii yangu, ya ukumbi mzima na maikrofoni. Nikiwaambia mtacheka, na mcheke tu, nimeshazoea. Mimi ni katibu wa shirika letu hapa Machakos la kupinga ubaguzi, wa rangi, wa kabila, wa dini, tunaupinga wote, na mimi ndiye huzunguka makanisani na sokoni nikiwaambia watu waache kubagua wenzao. Sasa sikieni vile mimi mwenyewe, kwa mdomo huu huu, nilibagua mama wa watu mpaka akapigiwa makofi.

Mwenyekiti wetu wa bodi alikuwa ametuacha akaenda kutafuta kura, na sheria za shirika zinasema bila mwenyekiti hatuwezi kusimama na mtu kortini. Na mtu alikuwepo. Mueni, mtoto wa dada yangu, alikuwa anashona nguo kwa kiwanda kimoja kule Athi River, msimamizi mmoja kutoka ng'ambo akamwita nyani mbele ya wenzake, Mueni akamwambia arudie hayo maneno kama ni mwanamume, na kesho yake akaambiwa asirudi kazini. Kesi ilikuwa inakaribia, mtoto anaishi kwangu, na kila jioni tukikata mboga ya sukuma ananiuliza, "Anti, mmepata mtu?" Nikaapa nitapata mtu, hata kama ni wa kubebwa mgongoni, maana mimi nikiamua nimeamua.

Wakili mmoja wa Nairobi akanipa namba ya Madam Khadija, hakimu mstaafu aliyekaa kwa korti za Mombasa miaka mingi, mama ambaye ukidanganya mbele yake unajisikia aibu mwenyewe. Nikampigia, nikamweleza kesi ya Mueni. Sasa jina ni Khadija, Kiswahili kimenyooka, picha yake kwa simu ni mama mweupe mweupe amejifunga mtandio, pua ndefu ya Kiarabu, basi nikajua huyu ni wa pwani (hakuna mtu aliniambia, nilijua tu). Akakubali kuja Jumamosi aongee na wanachama, na wakimpenda wamchague papo hapo. Nikamwambia tutamtumia gari limchukue pale njia panda ya barabara ya Mombasa.

"Usijisumbue na gari," akasema. "Mimi nitatembea tu."

Nikacheka! Nikasema kumbe mahakimu nao wana utani. Akaanza, "Unajua mimi ni—" nikamkata, "Wewe ni mgeni wetu, Madam, usiseme kitu, kazi yako ni kufika!" nikaweka simu chini. Lile gari ndilo lilianzisha yote, kwa sababu ukishatuma gari lazima kuwe na mapokezi, na ukishakuwa na mapokezi lazima kuwe na kwaya, na kwaya haiimbi bure bila chai.

Jumamosi ikafika. Mume wangu, Baba Ndunge, nikamtuma njia panda asubuhi na mapema, amebeba karatasi yenye jina la mgeni. Mimi niko kwa lango la ukumbi wetu na kina mama wa kwaya, tumevaa leso za kufanana, mara naona mama mweupe mweupe anakuja na barabara pole pole, mkoba begani, viatu vya kawaida vimejaa vumbi. Ni yeye. Ametembea kweli. Mtu mwenye akili angejiuliza mtu wa Mombasa anafikaje Machakos asubuhi namna hiyo akitembea, lakini mimi akili yangu yote ilikuwa kwa programu. Nikampigia Baba Ndunge nikamwambia arudi haraka, na alipofika, nisameheni, nikamwomba Madam aingie kwa gari langoni ashukie mlangoni, ndio kwaya iimbe wimbo wa kukaribisha mgeni vile ilikuwa imejifunza.

"Kutoka hapa mpaka hapo?" akauliza.

"Ni heshima, Madam."

Akaingia. Hata sijui kwa nini aliingia, nafikiri alitaka kuona nitaishia wapi.

Na mimi sikuishia hapo. Wakati wa chai watu wote walikuwa wanakula ngwaci, vile viazi vitamu vyetu, na nduma, yeye nilikuwa nimemwekea mahamri kwa sahani yake peke yake (wa pwani, si ndiyo?). Akanyoosha mkono achukue ngwaci moja moto, nikaivuta ile sahani. Wallahi niliivuta. Nikamwambia, "Hizi ni za huku kwetu, Madam, zinaweza kukusumbua tumbo." Akaanza tena, "Mama Ndunge, mimi ni—" nikamwambia asijali, hata Kikamba atajifunza pole pole, si kigumu. Mueni alikuwa kando yangu na birika, akanikanyaga mguu. Nilidhani ni bahati mbaya.

Tukaketi ukumbini. Si mnajua mikutano yetu, haianzi bila wageni kutambulishwa. Nikashika maikrofoni. "Wageni wetu wote wasimame tuwajue!" Hakuna aliyesimama. Madam Khadija ametulia, mikono kwa magoti, anaangalia mbele. Nikarudia. Nikaona huyu mama ni mnyenyekevu kupita kiasi, nikateremka nikamshika kiwiko, nikamwinua. "Ndiye huyu mgeni wetu! Tumpigie makofi ya kilo!" Watu wakapiga, pa, pa, pa. "Sasa Madam, utuambie umetoka wapi."

Nikampa maikrofoni. Akaiangalia, akaniangalia mimi.

"Nimetoka hapo nyuma ya msikiti," akasema. "Nyumba ya Salim, fundi wa cherehani. Ndipo nilizaliwa."

Kwaya ikatoa sauti moja, "Asi!" Mama Kaluki, yule kiongozi wao, akasimama amejishika kichwa. "Wewe ni mtoto wa fundi Salim? Baba yako ndiye alinitengenezea cherehani yangu ya kwanza!" Wakaanza kuongea Kikamba, Mama Kaluki anauliza habari za ndugu zake, Madam anajibu kile Kikamba cha ndani kabisa, cha shosho zetu wazee, mpaka mimi kuna mahali waliniacha. Na mimi niko katikati yao, bado nimemshika kiwiko.

Hapo ningeweza kujiokoa. Ningesema pole, tungecheka. Lakini Mzee Mutiso, mweka hazina wetu, ambaye masikio yake yamechoka, aliona watu wamesimama akajua ni zamu yake kwa programu. Akaja mbele na kiondo kizuri sana, akakikabidhi kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ile niliyomfundisha mwenyewe: "Hii ni ya kukumbuka Machakos, ukirudi kwenu."

Kina mama wa kwaya wakafunika midomo kwa leso.

Madam Khadija akapokea kiondo, akamshukuru mzee kwa adabu, kisha akaongea polepole. "Mombasa nilikaa miaka yote ile nikiitwa mtu wa bara. Nikasema si kitu, siku moja nitarudi nyumbani. Nimerudi, na walionisimamisha kama mgeni ni shirika la kupinga ubaguzi." Akaweka maikrofoni kwa meza, akatoka. Kwa miguu.

Wueh. Nililia jikoni, nalia huku naosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Mueni akaja. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Akauliza tu, "Sasa Anti, mimi nitasimama na nani?"

Hilo swali ndilo lilinipeleka nyuma ya msikiti kesho yake asubuhi, aibu na yote. Nilikuwa nimepanga hotuba ya kuomba msamaha, ndefu, na kwa mlango tu Madam akainua kidole. "Leo wewe utanyamaza." Nikanyamaza (Baba Ndunge hajawahi kuamini hii sehemu). Akaniwekea chai na ngwaci.

"Kwenu ni wapi?"

"Kathiani."

"Na hapa mjini ulikuja lini?"

"Nilipoolewa."

"Kuna siku mtu alikusimamisha useme umetoka wapi?"

Nikatikisa kichwa. Yeye akamenya ngwaci yake pole pole, akala, akasema, "Yule msichana wa birika, aliyekukanyaga mguu, ndiye wa kesi?" Nikasema ndiye. "Basi ita mkutano. Kwa ajili yake, si yako. Na mimi ndiye nitashika maikrofoni."

Jumamosi iliyofuata wanachama walimchagua kabla hata hajaketi. Jambo lake la kwanza kama mwenyekiti wa bodi lilikuwa kuangalia ukumbi na kusema, "Wageni wetu wasimame." Akaniangalia mimi. Nikasimama, peke yangu, mbele ya watu ninaosali nao na wanaoniuzia mboga.

"Umetoka wapi, mama?"

"Kathiani."

"Karibu sana Machakos. Na vile umejua Kiswahili haraka! Tumpigie makofi."

Wakapiga, wengine wanacheka mpaka machozi, na mimi nilitaka kucheka nao, nikashindwa. Nilitaka kupiga kelele kwamba mimi ni wa hapa, watoto wangu wamezaliwa hapa, mnanijua! Na kila makofi yalivyozidi ndivyo nilijisikia niko mbali zaidi. Sikujua makofi yanaweza kuuma hivyo.

"Keti, Mama Ndunge," akasema, kwa upole sasa. "Mueni, njoo mbele utueleze mwenyewe." Mueni akaja, akaanza, akakwama kwa lile neno aliloitwa, na mimi mdomo ukafunguka kumsaidia, Madam akaniangalia, nikaufunga. Mtoto akalisema mwenyewe, na akaendelea mpaka mwisho.

Kesi bado inaendelea, na kila ikitajwa Madam Khadija anasimama kando ya Mueni. Mimi nimeapa sitamkaribisha mtu tena kabla sijamwuliza kwao ni wapi, na nikishauliza, ningoje ajibu. Nikisahau, kuna kitu cha kunikumbusha. Karatasi zote za kesi Madam huzibeba kwa kile kiondo, na akifika kortini hukiweka chini pale ninapokaa, upande wangu, ananiambia, "Nishikie hii, Mama Ndunge. Ni ya kukumbuka Machakos."