Dawa Niliyomgawia Vumilia

Wamama wenzangu, kovu langu linaanzia juu ya kitovu na kushuka mpaka chini huku. Sitalifunua, msiogope. Nitawaeleza tu lilivyokuja, na kwa nini mdogo wangu hayupo kunisaidia kusimulia. Yeye ndiye aliyekuwa na mdomo mtamu.

Tulizaliwa wasichana wawili, mimi na Vumilia. Tukaolewa na ndugu wawili hapa Kalembe, tukalima shamba moja la maharagwe, na watoto wetu walikula popote chungu kilipoiva kwanza. Kwetu hakuna kitu kilicholiwa na mtu mmoja. Yai lilikatwa, kitenge kilikatwa. Vumilia alikuwa akisema kwamba kama waume nao wangekatika, wa kwake angenipa upande wenye mdomo.

Wakati wa palizi nikashikwa na homa. Kichwa kiliuma kama kinapasuka, ulimi ukawa mweupe, na nikawa naharisha maji matupu. Mume wangu akanipeleka kwa pikipiki kwenye kituo cha afya. Muganga, ndivyo tunavyomwita tabibu wa kituo, akapima damu, akasema ni tifoide, vidudu vinavyoingia mwilini kwa maji machafu. Akanipa antibiotiki, vidonge ishirini na vinane: kimoja asubuhi, kimoja jioni, wiki mbili. Akanionya nivimalize vyote hata nikijisikia mzima. Nikaitikia kama mtoto wa shule, ndiyo muganga, ndiyo muganga.

Kufika nyumbani nikamkuta Vumilia amelala, anatetemeka. Homa ileile, ulimi uleule; si tulikuwa tunachota maji kwenye kijito kimoja? Mume wake alikuwa ameshatafuta pikipiki ampeleke. Mimi ndiye niliyemzuia. Nilimwambia ugonjwa ni mmoja, dawa ni moja, ya nini kumtesa mgonjwa kwenye matope? Nikamwaga vidonge juu ya mkeka, nikahesabu. Kumi na vinne vyangu, kumi na vinne vyake.

“Na weye, dada?” akaniuliza. “Zitakutosha?”

“Kitu gani kilikosaka kututosha sisi wawili?” nikamjibu.

Wiki ile homa ikashuka kwa wote wawili. Tukarudi shambani na majembe yetu. Niseme kweli, nilijiona nina akili kuliko muganga.

Siku kumi hazikupita, homa ikarudi. Tumbo la Vumilia likavimba, likawa gumu kama ubao, akawa anatapika maji ya kijani. Kesho yake na langu likakaza. Vijana wa kijiji wakatubeba kwa vipoyi, yaani machela ya miti, wakipokezana mabegani, mpaka mahali gari linapofika. Yeye alikuwa mbele yangu. Nilikuwa naona miguu yake tu ikitikisika chini ya blanketi. Alikuwa akiniita, kisha akaacha kuniita.

Hospitalini walisema utumbo umetoboka na usaha umejaa tumboni. Wakampasua yeye kwanza. Hakuamka.

Mimi niliamka na mpira puani na kidonda kinachonuka hata mwenyewe nikageuza uso. Kila asubuhi walikiosha, na mimi nikiuma shuka. Antibiotiki nyingine ilipita kwenye mshipa siku nyingi. Mdogo wangu alizikwa bila mimi.

Siku moja daktari akaniuliza ile dawa ya kwanza niliinywaje. Nikamwambia tuligawana. Akavuta kiti, akakaa.

“Mama, ile dawa ilikuwa ya muntu moja,” alisema. “Siku za kwanza inauaka vidudu mingi, homa inashuka, unawaza umepona. Zenye zinabakia njo zinarudi. Mulikunywa nusu nusu, hakuna mwenye alipona.”

“Na mudogo yangu, kama angefika kwa muganga?”

“Angepewa zake, Mama. Dawa ilikuwako.”

Sikula siku mbili. Waliponianzishia vidonge vya kumalizia, nilivimeza kimoja kimoja hadi cha mwisho, na kila kimoja kilipita na machozi.

Niliporudi, watu walikuja kulia nami, na wote walikuwa na neno moja: nilimpenda mdogo wangu hata nikamgawia dawa. Mama yetu alinishika mikono mbele yao. “Hata dawa ulimukatia,” alisema. “Nilizaa bantu kweli.” Nikainama, nikapokea sifa ile. Nimenyamaza misimu miwili ya maharagwe.

Namshukuru Mungu, namshukuru daktari, nawashukuru vijana walionibeba hadi mabega yao yakachubuka. Nanyi nawaomba hivi. Antibiotiki anayokupimia muganga imehesabiwa kwa mwili wako peke yake. Imalize, hata homa ikikuacha siku ya tatu. Usiiweke akiba, usimkatie mtu, hata awe mtoto wa tumbo lako. Umpendaye akishikwa na homa kama yako, mpakie kwenye pikipiki, mpeleke akapimwe, apate yake.

Na wewe Mama, uliyekaa hapo kwenye benchi ya mbele, haya hukuyajua mpaka leo. Ulitufundisha kugawana chakula na nguo, na hilo lilikuwa jema. Hili la dawa ni langu. Vumilia alikuwa anakwenda kwa muganga, mimi nikamrudisha kitandani. Naomba usinisifu tena.