Ufunguo Utaukuta Pale Pale

Mama mdogo ni fundi cherehani. Kwenye filamu ile aliitwa kushona mavazi tu, lakini mwigizaji wa nafasi ya mke hakutokea, na mwongozaji akamwambia avae gauni alilokuwa akilipiga pasi.

Alikuwa ameingoja siku hiyo tangu enzi za maigizo ya shuleni. Mumewe, fundi bomba, alicheka mpaka akakohoa.

"Filamu, na magoti hayo? Nenda, mimi sikanyagi huko."

Akaenda. Mimi nikafuatana naye kumshikia karatasi za maneno.

Katika filamu, mume amechoshwa na ndoto za mkewe. Anabeba begi aondoke. Mke anatakiwa kusema, "Nakupenda, usiniache." Mama mdogo alisema mara saba, na mara zote ikatoka kama tangazo la kupotea kwa mbuzi.

"Mama, ya nane ikishindikana namwita mwingine," alisema mwongozaji.

Mama mdogo akaniinamia. "Mwanangu, aliyeandika haya ameoa?"

"Sijui, mama."

"Hajaoa huyo."

Kamera ikawashwa. Mume akanyanyua begi. Mama mdogo hakumtazama, alikunja shati lake lililobaki kitandani, akanyoosha kola kwa kidole gumba, akasema taratibu, "Ufunguo utaukuta pale pale."

Mpiga picha alisahau kuzima kamera.

"Andika hivyo," mwongozaji aliniambia, akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Sikuhitaji kuandika. Kabla sijazaliwa, baba mdogo aliwahi kuondoka kwa hasira, akakaa siku tisa. Aliporudi, aliingiza mkono chini ya ndoo ya uani, akaukuta ufunguo. Tangu hapo, kila asubuhi akitoka kwenda kazini, mkewe humwambia maneno yale yale.

Filamu ilipoonyeshwa, Jumamosi mchana, baba mdogo aliingia ukumbini akiwa amechelewa, na ovaroli yake ya kazi, akakaa nyuma kabisa. Maneno yalipofika, wanawake walipiga makofi. Yeye aliinama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Nje alimkuta mkewe amezungukwa na watu.

"Umetangaza siri za nyumba. Tutaibiwa!"

"Kwani nimesema ni wapi?"

Akamgeukia mkata tiketi, ambaye hakuwa amemuuliza chochote.

"Yule aliyekunja shati, umemwona? Mke wangu yule."