Moto umekomaza zege, kasema shangazi

Leo nimebishana na shangazi kuhusu zege, nusura anishinde.

Fremu ya chini ya nyumba yake hapa Mwembesongo iliungua juzi. Mpangaji alikuwa anauza magodoro, kwa hiyo moto ule haukuwa wa mchezo.

Leo nakuta fundi anapaka rangi juu ya masizi ya dari ya zege. Kesho kina mama wanasoma maulidi ghorofani, juu ya zege hilohilo!

Baada ya shikamoo nikamwambia, "Shangazi, zege likiungua linapoteza nguvu. Hata nondo za ndani."

Akacheka. Huyu ni muuza vyungu tangu sijazaliwa.

"Mwanangu, chungu bila moto ni udongo tu. Moto ndio unaokomaza."

Nikaokota nyundo ya fundi. Nikampa.

"Gonga kama unavyogonga chungu."

Akapanda meza ya fundi. Akagonga dari pembeni, ikaitika ngo, ngo.

Akagonga katikati, pale magodoro yalipokuwa.

Pu.

Akarudia. Pu.

Akashuka taratibu, akamnyang'anya fundi brashi.

"Chungu kinacholia hivi simuuzii mtu. Nitamkalishaje mtu juu ya zege la hivi? Maulidi tutasomea uani."

Na wewe msomaji uliyepaka rangi juu ya masizi kwako, uligonga kwanza?