Tundu Moja kwenye Bati Jipya

Fundi Bati aliezeka nusu ya nyumba za mtaa ule, na ya kwake ikavuja miaka nenda miaka rudi. Mkewe, ambaye kila mtu alimwita Mwalimu kwa kuwa alifundisha sayansi mpaka akastaafu, alimchokoza mbele ya wageni: "Mume wangu huyu ni bingwa wa mapaa ya wenzake." Fundi alikuwa akicheka na kusema kesho. Kesho hiyo ilichelewa sana. Ilifika siku Mwalimu aliporudishwa nyumbani kutoka hospitali, baada ya daktari kumwita mumewe kando na kumwambia ampeleke tu akamtunze.

Basi mtu mzima akapanda juu na nyundo kama aliyepagawa. Aling'oa mabati yote ya chumba cha kulala, akapiga mapya, hakubakiza hata upenyo wa sindano. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kuomba radhi. Alipomrudisha mkewe kitandani kutoka sebuleni, Mwalimu aligeuza uso huku na huku, akaliona giza tu.

"Matundu yangu yako wapi?"

"Nimeyamaliza. Hutanyeshewa tena, mke wangu."

Mwalimu akacheka, kisha akakohoa, kisha machozi yakamtoka. "Kwani wewe husikilizi redio? Keshokutwa jua litapatwa."

Akamweleza taratibu, akipumua kati ya maneno. Mwezi utapita kati ya jua na dunia, lakini vitu hivyo vitatu havitakaa kwenye mstari ulionyooka sawasawa. Kivuli kizito cha mwezi kitapita kando kabisa, na wao watapata kile hafifu cha pembeni tu. Kwa hiyo jua halitazimika, litamegwa. Kulitazama kwa macho matupu ni kujitakia upofu, ila kila tundu dogo kwenye paa lingeangusha chumbani picha ya jua, nayo imemegeka vilevile. Maisha yake yote alilichora jambo hilo ubaoni. Lilitokea mara moja tu, na siku hiyo mawingu yalitanda. Kule hospitalini alilala akiyawazia matundu yake.

"Nilikuwa nangoja hilo tu, Fundi," alisema. "Likishaisha, nitapumzika."

Fundi alielewa anazungumzia kupumzika kupi.

Siku ilipofika, anga lilikuwa safi. Fundi akapanda na msumari. Fundi yeyote wa bati atakwambia kwamba kutoboa bati ulilolipiga juzi kunauma kuliko kujigonga kidole, lakini huyu hakuona uchungu wowote. Akagonga.

"Limeangukia wapi?" alipaza sauti.

"Hapa hapa kwenye shuka!" Sauti ya Mwalimu ilikuwa nyembamba, imejaa furaha. "Naliona! Limemegwa safi kabisa! Hongera, Fundi wangu!"

Akashuka ngazi mbiombio, akaingia, akasimama mlangoni. Kijua chenyewe, kidogo kama kifungo cha koti, kilikuwa juu ya mlango wa kabati. Kwenye shuka hapakuwa na kitu. Mwalimu alikuwa ameliinamia shuka lile tupu, anatabasamu, vidole vyake vikipapasa mahali alipodhani mwanga upo.

Ndipo Fundi alipojua kwamba macho ya mkewe yamekwenda, na kwamba yeye alikuwa amefichwa jambo hilo. Moyo ulimchanika. Akaketi kando ya kitanda, akamshika mkono.

"Wewe unaona limeliwa upande gani?" Mwalimu akauliza, kama anayempima mwanafunzi.

"Juu."

"Basi huko mbinguni limeliwa chini. Tundu hupindua picha." Akamfinya kidole. "Haya, nisimulie. Kutazama kimyakimya hakuna raha."

Akamsimulia. Sasa limebaki kama kipande cha tikiti. Sasa ncha zinachongoka. Sasa linarudi, linanenepa. Doa lile la mwanga likawa linateremka polepole kwenye mlango wa kabati, na lilipokaribia sakafu lilikuwa duara, halina pengo lolote.

"Limeisha?" Mwalimu aliuliza, macho ameyafumba.

Fundi akalitazama lile duara. "Bado," akasema. "Pale pembeni limemegeka kidogo."

"Sawa. Basi tungoje."

Mchana ukasogea. Doa likavuka sakafu, likaanza kupanda ukuta wa upande wa pili, na kila alipoulizwa Fundi alijibu kwamba bado. Mwalimu alijua fika kuwa jua halipatwi mchana kutwa. Amelifundisha hilo tangu ujana wake. Lakini hakumsahihisha hata mara moja, aliendelea kuuliza tu, sauti ikizidi kudidimia.

Jioni doa likafifia ukutani, likapotea.

"Limeisha?"

Fundi alifungua kinywa aseme bado. Chumbani hapakuwa tena na mwanga wa kusingizia.

"Limeisha, Mwalimu," akasema, huku analia waziwazi.