Theluji ya Ikwiriri

Swali la sita ndilo lililonishinda. "Taja miezi miwili ambayo theluji huanguka katika mji wetu." Mwanangu ana miaka tisa, kazaliwa hapahapa Ikwiriri, safari yake ndefu kuliko zote ni ya Kibiti kwa shangazi yake. Alijibu neno moja: "Hakuna." Akapigwa kosa, jekundu, mpaka kalamu imetoboa karatasi. Chini kabisa mwalimu ameandika: "Anatunga uongo. Hajui mji wake. Arudie darasa la tatu."

Nilikuwa nachambua mchele. Niliutua ungo vibaya, mchele ukamwagika, kuku wakaja mbio, nikawaacha wale.

"Nani kakwambia hakuna theluji?" nilimuuliza, kana kwamba yeye ndiye mwenye kesi.

"Kwani ipo, mama?"

Ndiyo, mimi mtu mzima wa kidato cha nne, nilianza kujiuliza kama ipo. Karatasi ya shule ina nguvu zake.

Nikachukua daftari lake la notisi nikakaa nalo mlangoni, mdogo wake mgongoni. "Mji wetu mdogo uko bondeni, ukingoni mwa mto. Mto huo hufurika na umewahi kubeba daraja." Sawa. "Wafanyabiashara wa chumvi walipita hapa zamani." Labda. Chumvi ipo huko deltani, watu huichemsha. "Wajerumani waliishi hapa, na baada ya vita wakaondolewa." Kweli kabisa, hata meli yao ilizama mtoni kwetu. "Viwanda vya mbao vilitaifishwa." Babu yangu alikuwa akizungumza habari za kutaifisha, na mbao ndiyo kazi ya nusu ya wanaume wa Ikwiriri. Kisha mstari unaofuata: "Katikati ya mji pana nguzo ya tauni, na juu ya kilima pana ngome ya mfalme."

Kilima kipi? Nikasoma tena toka juu. Kila nikisema huu si mji wetu, mstari unaofuata unakuwa wetu. Kila nikitulia, inatokea ngome. Kichwa kikaniuma.

Kilichonikera zaidi ni kwamba kosa lile nililichangia. Siku moja kabla ya mtihani, nikiwa nasonga ugali, mwanangu aliniuliza, "Mama, ngome yetu iko wapi?" Nikamwambia, "Ngome ya nani? Acha maneno ya ajabu, we andika unachokijua." Akaandika anachokijua. Majengo ya kale ya mji wetu: madungu, vibanda vya juu ya miti ambavyo watu hulala mashambani kukwepa maji na kufukuza nguruwe wasile mpunga. Kosa. Faida ya mafuriko: maji yakishuka tunalima mlau, mahindi yanaota kwenye tope bila mvua. Kosa. Wajerumani walifanya nini: walizamishiwa meli. Kosa.

Asubuhi yake nilikuwa shuleni kabla kengele haijagongwa. Mwalimu wake ni msichana mgeni kutoka bara, watoto wanamwita madamu. Alinikaribisha vizuri, na hilo likanizidishia hasira, maana nilijiandaa kwa mtu mbaya.

"Madamu, nimekuja kuuliza habari ya theluji."

"Theluji gani, mama?"

"Hii ya kwetu."

Hakucheka. "Mama, hata mimi nilishangaa. Nina miezi mitatu tu hapa. Ila kwetu Makete mwezi wa sita maji yanaganda ndooni, nikajua labda na huku upande wa vilima vya Matumbi..."

"Madamu, jasho linakuchuruzika hapo ulipo!"

"Sasa ningefanyaje? Tumeagizwa tufundishe jiografia na historia ya eneo la shule. Kitabu cha eneo hili hakuna. Nikaagiza notisi steshenari."

"Si ungeuliza mtu? Mji umejaa watu."

"Mtu si rejea, mama."

Mtu si rejea. Nilitoka nimelibeba neno hilo kama jiwe ndani ya kiatu. Bibi yangu kaijua mito hii mpaka matawi yaliyokufa, lakini si rejea.

Steshenari iko karibu na stendi ya mabasi. Mwenyewe ni mtu wa makamo anayemwita mume wangu kaka, kwa hiyo mimi ni shemeji yake, na utani wake hauna breki.

"Shemeji! Uso huo umemkasirikia nani? Kama ni kaka, mimi simo."

"Umo. Zile notisi za madamu umezitoa wapi?"

"Kwani hazikutoka vizuri? Wino ulikuwa mpya ule." Akageuza kompyuta, akaanza kutafuta. "Aliniambia nimtafutie jiografia na historia ya mji mdogo. Nikaandika hivyohivyo. Likaja la Kizungu, nikabonyeza lijitafsiri."

Nimeelewa hapo kosa la kwanza. Kwetu "mji mdogo" si maelezo, ni cheo. Serikali ndiyo inatuita hivyo, Mamlaka ya Mji Mdogo, na vibao vimeandikwa. Madamu akisema mji mdogo anamaanisha hapa. Ile mashine inajua nini? Imeambiwa mji mdogo, imeleta mji ulio mdogo.

"Hebu nione kichwa chake."

Palikuwa pameandikwa: "Mji mdogo Cheki: jiografia na historia."

"Na hili neno?"

"Si inaniambia nicheki? Mji mdogo, cheki. Nikacheki, nikaona mto, mafuriko, Wajerumani. Nikasema ndiyo penyewe. Nikatoa kopi."

"Jina la mji je?"

"Lilitoka viboksi-viboksi. Nikalifuta karatasi ipendeze."

Nilikaa kwenye benchi lake. Shuleni kwetu atlasi ilikuwa moja, ya zamani, na kwenye ukurasa wa Ulaya palikuwa na nchi ndefu kama mhogo, imeandikwa Chekoslovakia. Mwalimu wetu alisema siku hizi zimekuwa nchi mbili, moja ni Jamhuri ya Cheki. Nikamwambia shemeji. Akatazama kioo, akanitazama mimi.

"Kwa hiyo madamu anafundisha Ulaya?"

"Wewe ndiye unayefundisha Ulaya!"

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi sikucheka. Nilimwambia anipe kopi ya ukurasa wote, nikausoma palepale. Na hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa, kwa sababu sikuweza kuuchukia mji ule. Nao maji yaliwapitia majumbani. Nao wameona wakubwa wakija na kuondoka. Ila kwao kuna mtu alikaa chini akaandika, mpaka jina la kijito. Wetu haukuandikwa na mtu, ndiyo maana ulipotafutwa alikuja jirani asiyeitwa.

Nilirudi shule na karatasi. Madamu aliisoma amesimama, halafu akakaa, kiganja mdomoni.

"Neno Cheki nililikata mimi," alisema. "Nilidhani ni lugha ya vijiweni, haifai darasani."

"Basi rekebisha."

"Alama zimeshafika kwa mkuu, mama. Orodha ya wanaorudia imebandikwa. Ameniambia ikibandikwa haibanduliwi."

Nikaenda kuiona. Jina la mwanangu lilikuwamo. Wenzake waliokariri mji wa watu wamepanda darasa la nne. Wangu aliyeandika mji wake ndiye wa kukariri darasa. Na lile neno mwongo, kumbe lilisomwa kwa sauti mbele ya wote. Hilo mwanangu hakuniambia. Aliniambia mwenzake njiani.

Nikaomba karatasi kwa shemeji, nikaandika kwa mkono, nikaipeleka mwenyewe ofisi ya kata, ikagongwa muhuri. Niliandika hivi:

Kwa Afisa Elimu Kata.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU MTIHANI WA MJI AMBAO SI WETU

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la tatu. Binti yangu ameamriwa kurudia darasa kwa mtihani ambao majibu yake ni ya mji ulioko Jamhuri ya Cheki, Ulaya. Naambatanisha karatasi ya mtihani, daftari la notisi na ukurasa zilikotoka.

Naomba mtihani usahihishwe upya na mtu anayeufahamu mji huu, na jina la binti yangu litolewe kwenye orodha kabla shule hazijafunguliwa Januari. Aliitwa mwongo mbele ya darasa. Neno hilo lifutwe mbele ya darasa hilohilo, siyo ofisini. Mwalimu ni mgeni na simuombei adhabu. Aliyesema orodha haibanduliwi si mgeni, naye ndiye ninayemlalamikia.

Katika swali la nne binti yangu ameandika kuwa Kibiti iko kusini mwa Ikwiriri. Iko kaskazini. Hilo kosa ni lake, liachwe.