Nimecheza gemu tangu ujana, ila fainali yangu na marehemu Chilumba sijaielewa mpaka leo

Wakuu, wadogo zangu nawasalimu. Wakubwa zangu, kama bado mmebaki humu, shikamooni.

Nimekuwa nasoma tu siku zote, leo najitambulisha. Ninayoandika yamenikuta mwenyewe hapa Mtwara, mchana wa jua kali. Asiyeamini apite, sitamfuata.

Shule niliishia la tatu. Kusoma nimejifunzia kwenye gemu, maana skrini ikikuuliza jambo usipolijibu haikupeleki popote. Nikikosea herufi nivumilieni.

Nilianza na bao, nikaja drafti. Kisha nikavuka Ruvuma kwenda Msumbiji kupasua mbao, na huko kwa fundi redio mmoja ndiko nilikoona gemu ya kwenye televisheni kwa mara ya kwanza. Nilisahau kula.

Tangu hapo kazi nimebadilisha, gemu sijaacha.

Nimevuna chumvi. Nimebeba magunia ya korosho bandarini. Nimekuwa utingo wa lori la Masasi, nikajifunza kuchomelea, nikalinda geti kule Madimba wakati mitambo ya gesi inajengwa. Hakuna bosi aliyenifukuza. Wote niliwaacha mimi.

Sasa nina banda la gemu Likombe. Nimelijenga kwa mkono wangu, na pedi za kuchezea zikifa nazifufua mwenyewe. Ndiyo kazi yangu ya uzeeni, nyingine sina na siitaki.

Haya, tuje kwa Chilumba.

Chilumba alikuwa rafiki yangu, mkulima wa korosho wa Ziwani. Kila Ijumaa akitoka kuswali anakuja bandani, ananuka salfa, ile dawa ya unga tunayopulizia mikorosho. Hata msimu wa dawa ukiisha, yeye ananuka tu.

Kidole gumba cha kushoto hakuwa nacho, kiliondoka na panga. Kwa hiyo pedi aliilaza pajani na kubonyeza kwa kifundo cha kidole cha shahada. Timu yake ilikuwa moja tu, ile mbovu ya jezi za kijani.

Na akikufunga hashangilii. Anasema taratibu, "Hodi."

Inauma kuliko tusi.

Sisi ubishi wetu ulikuwa mmoja: nani mkubwa. Wazazi wetu hawakuandika tarehe. Yeye anasema alikuwa anachunga mbuzi wakati mimi nabebwa mgongoni. Mimi nasema aliyebebwa ni yeye, na alikuwa analia.

Wake zetu wakachoka. Tukakubaliana kombe liamue. Fainali mechi tatu, atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo mbele za watu, maisha yote.

Kila mtu akashinda moja. Ya tatu ikakutwa na adhana ya alasiri, tukaisevu.

Wiki hiyo hiyo Chilumba akaanguka shambani. Hakuamka.

Kwetu huku mtu mzima akifa, jina lake halizikwi. Kwenye arobaini ukoo unamchagua mpwa, mtoto wa dada, anavalishwa kanzu ya marehemu, anakalishwa mkekani. Watu wanapita mmoja mmoja kumsalimia kwa jina la mjomba wake, vile vile walivyokuwa wakimsalimia marehemu. Kuanzia hapo ndiye yeye.

Aliyechaguliwa ni Shaibu. Kijana wa ofisini Dodoma, mikono laini, hajawahi kushika pedi.

Zamu yangu ikafika. Nikasimama.

Bi Somoe, mjane wa Chilumba, akaninong'oneza, "Shemeji, mwite."

"Nimwite nani?"

"Si rafiki yako huyo."

"Rafiki yangu nimemzika mwenyewe. Huyu ni Shaibu, karani."

Mkeka mzima ukanigeukia. Bi Somoe hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Akasema tu, "Basi umemwacha nje, shemeji."

Nikaenda zangu.

Tangu siku ile pedi ya pili, aliyokuwa akiitumia Chilumba, ikaanza mambo. Ukiwasha mashine, hakuna aliyeishika, alama ya kuchagua timu inatembea. Inapita timu kubwa zote, inasimama kwenye jezi za kijani.

Mimi ni fundi, sikukimbilia kusema ni majini. Hewa yetu ina chumvi, inakula vyuma. Nikaifungua, nikaisafisha kwa spiriti, nikabadilisha waya. Ikatembea. Nikachomeka pedi mpya kabisa kutoka kwenye boksi.

Ikatembea. Jezi za kijani.

Wateja wakaanza kusema, "Mzee, Chilumba kashaingia, sisi tunatoka." Mwanzo kwa kucheka. Baadaye hawakucheka, na hawakuja. Banda nililolijenga kwa jasho likawa tupu, nikabaki na feni.

Mchana mmoja, msimu wa kuokota korosho, mtaa mzima uko shambani. Nimekaa peke yangu. Nikasikia harufu ya salfa, wakati msimu wa dawa ulishapita miezi.

Mlango ukafunikwa na kivuli. Shaibu.

Hakusalimia. Akakaa upande ule wa benchi uliobonyea, wa Chilumba. Nikampa pedi, sijui kwa nini. Akaipangusa kwa pindo la shati, akailaza pajani.

Kisha akakunja kidole gumba cha kushoto, akakificha kiganjani. Kidole kizima, kisicho na kasoro.

Nikafungua mechi ile tuliyoisevu. Nilicheza kama sijawahi kucheza. Jasho linaingia machoni, simtazami, natazama skrini tu.

Dakika za mwisho, tuko sare, mpira ukanipita ukaingia golini.

"Hodi," nikasikia pembeni yangu.

Filimbi ikalia. Shaibu akasimama, akaweka pedi benchini na kutoka.

Kesho yake asubuhi nikaenda Ziwani. Nikamkuta uani na Bi Somoe, ndugu wengine wanachambua korosho. Nikamwambia, "Jana ulicheza vizuri."

Akashangaa. "Mzee, mimi? Nilikuja kukuaga tu, likizo imeisha, kesho narudi Dodoma. Ulinipa lile dude nikaliweka pajani, sijui hata linabonyezwa wapi. Ulikuwa unacheza na kuongea peke yako. Nikaona nisikusumbue."

"Hukusema neno?"

"Sikusema."

Wakuu, mimi ni mtu wa ahadi. Nikavua kofia, na mvi zangu hizi, mbele ya watu wote, kwa kijana ninayeweza kumzaa.

"Shikamoo, kaka Chilumba."

Ndugu wakaacha korosho. Shaibu akainamisha kichwa kwa aibu, mtoto wa watu. Halafu akakinyanyua, na aibu haikuwepo tena.

"Marahaba," akasema. "Si nilikwambia ulikuwa unabebwa?"

Bi Somoe akajifunika uso kwa khanga.

Pedi imetulia tangu siku ile. Wateja wamerudi. Shaibu akija likizo namwamkia, vijana wanacheka, nawaacha wacheke.

Funzo ni hili: ukoo ukikuletea jina, lisalimie. Usijifanye fundi wa kila kitu, kama mimi.

Nakaribisha maoni, matusi pelekeni kwenu. Ila nina swali kwa wale mliorithishwa majina humu. Mkiitwa, anayeitika ni nani?