Nilitoa kruza ya utalii nikachukua kijiko chakavu cha Oldeani: kilichonikuta mpaka mtaro wa maji wa Daa

Wakuu, nawasabahi kutoka Karatu, huku vumbi jekundu halijali umevaa shati la rangi gani.

Miaka yote nimekuwa msomaji tu humu. Leo naandika ya kwangu, na chumvi sitaongeza, maana baadhi ya waliokuwepo site ni members na watanisuta.

Mimi ni dereva guide. Nimeshuka kreta ya Ngorongoro mara nyingi kuliko nilivyokwenda kwa wakwe. Nilikuwa na kruza yangu mwenyewe, Land Cruiser ya safari, niliikodisha kwa makampuni nikiwa naiendesha mimi, ndiyo iliyotulisha na kusomesha mtoto.

Ila gari lilizeeka na wageni siku hizi wanachagua. Huku nikawa naona kila anayejenga lodge au kuchimba bwawa Karatu anasubiri mashine itoke Arusha. Nikasema, hapa pana riziki imelala.

Nikasikia kuna backhoe, sisi tunaita kijiko, imeegeshwa kwenye shamba moja la kahawa Oldeani. Mwenyewe hakutaka hela, alitaka gari la kupandia milima ile. Kijiko chake, kruza yangu, tubadilishane.

Mke wangu, Mama Neema, alisema neno moja tu: "Baba Neema, hicho kitu unakijua?"

Wakuu, nilicheka. Mtu aliyefunga gia boksi porini Ndutu huku simba wanamtazama, unamuuliza kama anajua mashine?

Nikaenda Oldeani kukagua. Sasa hapa ndipo ujinga wangu ulipo, someni taratibu.

Nilifungua boneti. Nikasikiliza injini, ikawaka kwa stata ya kwanza, moshi safi. Nikalala chini nikakagua chasisi. Nikaiendesha kwenye barabara ile mbovu ya shambani, nikapanda mlima, nikashuka, breki zinashika. Nikainua mkono wa nyuma mara moja, ukapanda, nikaushusha. Nikasema safi.

Nilikagua kijiko kama dereva wa utalii anavyokagua gari. Sikuchimba hata ndoo moja ya udongo!

Kasoro pekee niliyoiona ni tanki la oili ya haidroliki, ile ambayo pampu huisukuma kuinua mkono. Kifuniko kilipotea zamani, wakaziba mdomo kwa kipande cha gunia la kahawa. Nikalivuta lile gunia, nikalitupa nyuma ya kiti, nikanunua kifuniko kipya kinachong'aa. Nikajiona fundi kweli kweli.

Tukaandikishana, nikaondoka na kijiko mpaka nyumbani kwa mwendo wa kobe. Watoto wanashangilia njiani, mimi napunga mkono kama mbunge.

Kazi ya kwanza ikaja haraka. Daa walikuwa wanavuta bomba la maji. Wananchi walichimba mtaro kwa msaragambo, kila kaya na kipande chake, mpaka wakafika sehemu yenye mwamba laini ambao jembe linadunda. Wakaniita.

Nusu saa ya kwanza nilichimba vizuri, akina mama wanapiga vigelegele. Halafu pampu ikaanza kulia, mlio mwembamba wa kuchoma masikio. Mkono ukalegea. Ndoo ikashuka yenyewe ikalala mtaroni.

Nikazima. Baada ya saa moja nikawasha, mkono ukapanda vizuri. Nusu saa nyingine, ukalala tena.

Siku nzima tulikwenda hivyo. Vijana wakaanza kusema kijiko cha Baba Neema kina usingizi wa mchana.

Mwenyekiti wa kamati ya maji, Mzee Gwandu, ni mtu mpole. Aliniita pembeni. "Kijana wangu, mvua ziko karibu, mtaro huu ukijaa maji utabomoka wote. Nakupa wiki moja. Ukishindwa nitawaita wa Arusha."

Nilielewa. Nikiikosa kazi ya kwanza, Karatu nzima itajua, na hakuna atakayeniita tena. Na kruza ilishaondoka. Nyumbani kwangu hapakuwa na kitu kingine cha kutulisha.

Nikamleta Fundi Shabani kutoka Arusha, kijana anayezijua hizi mashine. Akasikiliza ule mlio, akatikisa kichwa. "Broo, pampu imekufa. Ikipata joto inaachia. Tafuta nyingine."

Pampu ya kijiko cha umri ule haipatikani kwa wiki moja, na hata ingepatikana uwezo sikuwa nao. Nikakirudisha kijiko nyumbani nimenyong'onyea.

Mama Neema wakati huo alikuwa hanisemeshi. Chakula anaweka mezani, anaondoka. Sikumlaumu. Alikuwa ameniuliza swali moja na nilimjibu kwa kicheko.

Sasa mke wangu ni Mwiraqw wa kule kule Daa, hatupi kitu. Lile gunia alilikuta nyuma ya kiti, akalifua kwa majivu mpaka oili ikatoka, akawa analitumia kupangusia miguu mlangoni.

Jioni ile nikawa nimekaa kizingitini navua buti. Akasimama mbele yangu, akalichukua gunia na kulifunua.

"Hili ulilitoa wapi?"

"Kwenye tanki la kijiko. Walizibia."

"Lilikuwa zima?"

Nikaliangalia. Upande mmoja umekatwa kwa kisu, umenyooka. Upande wa pili nyuzi zinaning'inia, limechanika.

"Hapa limeoza likakatika," akasema. "Kipande kingine kiko wapi, Baba Neema?"

Wakuu, nilipigwa butwaa. Nilimjibu kwa sauti ndogo sana kwamba sijui.

"Mimi nachuja maziwa kila asubuhi. Chujio likishika uchafu maziwa hayapiti. Nikiacha kumimina, uchafu unaachia wavu, yanapita tena kidogo. Mashine yako si ndivyo inavyofanya?"

Ndivyo ilivyokuwa inafanya! Inachoka, inapumzika, inaamka. Pampu iliyokufa haifufuki kwa kupumzishwa.

Asubuhi nikampigia Fundi Shabani, akabisha, lakini akaja. Tukamwaga oili yote kwenye mapipa. Chini ya tanki kuna chujio, kopo la wavu ambalo pampu inanyonyea. Tukalifungua.

Likatoka limevaa koti. Nyuzi za katani zimelizunguka zikashikana na tope, nyeusi tii. Tanki lenyewe lilikuwa na nyuzi nyingine zinaelea. Mashine ikinyonya, zinavutwa zinaziba. Ukizima, zinashuka.

Shabani alikaa chini kwenye nyasi. "Broo, nani amekuambia?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Mama Neema alikuwa anamkamua ng'ombe wala hakugeuka.

Tuliosha tanki kwa dizeli mara tatu, tukaosha mipira ya oili, tukabadilisha filta na sili mbili zilizokuwa zinavuja, tukaweka oili mpya. Pampu ile ile ya mwanzo hatukuigusa.

Siku ya sita nikarudi Daa. Nusu saa ikapita, nikaendelea kuchimba. Saa moja ikapita. Nikakataa kusimama hata kunywa chai, nilitaka nijue. Saa mbili, tatu, mwamba unavunjika kama kande zilizolala, pampu inanguruma kwa sauti nzito tu.

Mchana Mzee Gwandu akatoa simu mbele ya watu wote akawapigia wa Arusha, aliokuwa amewaweka tayari. "Msije. Tuna mashine yetu hapa."

Wakuu, nililia. Nilivaa miwani ya jua, lakini nililia.

Nilichojifunza: kila chombo kikague kwa kazi yake. Ukinunua kijiko, chimba, chimba mpaka kichoke au uchoke wewe. Na ujuzi wa kitu kimoja usikufanye uache kusikiliza. Mimi nilikuwa na miaka ishirini ya injini, nikazidiwa na mtu mwenye chujio la maziwa.

Wenye mashine, niambieni nyie kijiko chenu cha kwanza mlikikaguaje, na wenye maswali ulizeni. Nitachelewa kujibu, maana mtaro umefika kwa wakwe zangu, na mama mkwe amesimama pale na ndoo yake tupu, anataka kuwa wa kwanza kukinga.